Wimbo wa Kupimia Spika

Dedan Githinji alikwenda Isili kununua twita mpya kwa sababu zile za zamani zilikuwa zimekufa. Hilo hakuwa na shaka nalo. Twita ni ule mdomo mdogo wa juu kwenye spika, unaotoa sauti nyembamba: matoazi, ncha za gita, herufi za mwisho za maneno ya mwimbaji. Tangu mwezi wa pili Dedan hakuwa amesikia toazi hata moja likitoka kwenye spika zake, na mtu mwenye akili timamu akikosa kusikia kitu kwenye spika, hulaumu spika.

Siku za wiki alikuwa fundi wa masanduku Kariobangi, kwenye ile safu ya vibanda ambako bati huingia likiwa bapa na kutoka likiwa sanduku la mwanafunzi wa bweni, na komeo lake, na jina la mwenyewe kwa rangi nyeupe. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka ishirini na minne. Katika muda huo wakubwa walibadilisha mtaala wa shule kila walipojisikia, sanduku halikubadilika. Unalaza bati juu ya kipande cha reli, unakunja ukingo, unaupiga nyundo mpaka ukubali. Kushoto na kulia kulikuwa na mafundi wengine thelathini wakifanya vivyo hivyo, na hakuna aliyewahi kuziba masikio, kwa kuwa wa kwanza kuziba angeulizwa kama anajisikia vizuri.

Jumapili, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na mbili, fundi huyohuyo alikuwa DJ Sanduku, kwenye ukumbi mmoja wa jamii kule Huruma. Watu walikuja moja kwa moja kutoka kanisani, na suti zao, na vitambaa vyao vya kichwa, wakala chapati, wakacheza.

Ukumbi huo una sheria moja ambayo haijaandikwa popote, ndiyo maana inafuatwa. Viti vya plastiki hupangwa kando ya ukuta. Asiyependezwa na muziki hapigi kelele wala harushi chupa. Anachukua kiti, anakipeleka katikati ya ukumbi, anaketi, anakunja mikono na kumtazama DJ. Viti vikifika vitatu, DJ anavua hedifoni na kumpa anayefuata. Rufaa hakuna. Kiti kikiachwa kitupu bado ni kiti. Jambo hilo liliwahi kujadiliwa kwa saa moja na nusu.

Kwa miaka tisa Dedan hakuwahi kuona zaidi ya kiti kimoja. Jumapili tatu zilizopita aliona kimoja, kisha kimoja, kisha viwili. Cha kwanza kilikuwa daima cha Sylvance, karani mstaafu, mchezaji wa rumba, mtu ambaye hubeba kiti kama mwingine anavyobeba bendera.

Jumatano mwenyekiti wa kamati ya ukumbi, mama aliyeitwa Elsie, alimfuata Dedan hadi kibandani. Alingoja nyundo itue.

"Baba Shiru, nakuongelesha kama ndugu. Unatutoboa masikio."

"Ni twita, mama. Zimekufa."

"Zimekufa na zinapiga makelele hivyo? Zingekuwa hai si tungezikwa?"

Dedan alicheka. Elsie hakucheka.

"Na siku hizi ukitoka wimbo mmoja kuingia mwingine, ni kama mtu ameanguka ngazi. Sasa sikia. Jumapili hii vikifika vitatu, Clare anaingia. Si ya siku moja. Kamati imesema Jumapili zote zinakuwa zake."

Clare alikuwa DJ wa miaka ishirini na sita. Kwa majuma manne alikuwa ameketi kando ya ukuta na hedifoni zake shingoni, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari wa meno.

Dedan alisema sawa. Maneno mengi ya Elsie aliyaokota midomoni mwake, ingawa hakujua kwamba anaokota. Alikuwa amejizoesha hivyo kidogo kidogo, bila kujiarifu. Nyumbani mkewe, Nduta, ambaye majirani humwita Mama Shiru, alikuwa ameacha kumwita kutoka jikoni. Sasa alikuja, akasimama mbele yake, akamtazama usoni ndipo akasema. Dedan aliamini ndoa yao imeingia kipindi kitamu.

Kwa hiyo Alhamisi alifungua spika moja, akaitoa twita, akaitia kwenye mfuko wa karatasi na kwenda Isili.

Duka la Mursal lilikuwa orofa ya pili, likitazamana na la mapazia la mama anayeitwa Kawsar. Mursal aliuza spika na vipuri vyake, na Dedan alikuwa mteja wake tangu wote wawili walipokuwa na nywele.

"Mzee Sanduku! Umepotea. Leta tuone mgonjwa."

"Si mgonjwa. Ni maiti."

Mursal aliunganisha nyaya mbili, akabonyeza kitu. Akainamisha kichwa. "Iko sawa."

"Haiko sawa."

"Iko sawa, walahi. Sikia."

"Ongeza."

Mursal akaongeza. Dedan akaegemea karibu. Akamwashiria aongeze tena. Mteja mmoja aliyekuwa akipapasa redio ya gari aliiacha, akatoka. Kule ng'ambo Kawsar alijitokeza kati ya mapazia yake, vidole viwili masikioni, mdomo wazi. Dedan aliusoma mdomo huo bila shida: "Mursal! Zima hiyo kitu! Unataka kutuua?"

Dedan alitazama twita. Ilikuwa inatetemeka kidogo, kama mtu anayesema kwa juhudi. Akamtazama Mursal.

"Inalia?"

"Inalia," alisema Mursal, na akazima.

Ukimya uliofuata ulikuwa, kwa Dedan, sawasawa na ule uliotangulia. Hapo ndipo alipojua. Alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa michafu.

Mursal alikuwa ameuza spika miaka kumi na saba, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha adabu moja: mteja haambiwi kasoro yake, anaonyeshwa bidhaa nyingine. Akavuta mbele besi moja kubwa kama gurudumu la lori.

"Wacha hiyo twita. Njoo usikie hii. Nitakuwekea ile ya kupimia."

"Ni wimbo gani?"

"Si wimbo, ni tekno, muziki wa mashine tu. Ilikuja na flashi kutoka Dubai, ndani ya mzigo. Hata sijui ni ya nani. Wateja wote wanaichukia. Lakini spika mbovu haiwezi kuivumilia dakika mbili."

Akaweka.

Kulikuwa na mdundo mmoja, mzito, mweusi, usio na haraka na usiosita. Chini yake kitu kilinguruma, kama mtambo ulio nyuma ya ukuta wa kiwanda. Hapakuwa na mwimbaji. Hapakuwa na mapenzi, wala pole, wala salamu kwa wasikilizaji. Mdundo uliingia miguuni mwa Dedan kupitia sakafu, ukapanda, ukafika kifuani, ukakaa.

Pale Kariobangi kila fundi hupiga nyundo kwa mwendo wake, lakini kuna wakati, labda mara moja kwa siku, aghalabu alasiri, nyundo zote thelathini huanguka pamoja bila mtu kupanga. Mapigo matano, sita, saba. Halafu mtu mmoja anacheka na linaharibika. Dedan alikuwa amelisubiri jambo hilo kila siku kwa miaka ishirini na minne, na hajapata kumwambia mtu yeyote, kwa kuwa angesemaje? Sasa lilikuwa hapa, na hakuna aliyecheka, na halikuharibika. Liliendelea tu, na tena, na tena.

Kingine kilimjia polepole zaidi. Wimbo huu haukuwa na mashimo. Nyimbo zote za mwaka huu zilikuwa zimemfikia zikiwa zimeliwa na panya, maneno bila ncha, gita bila nyuzi. Huu ulimfikia mzima. Kwa mara ya kwanza baada ya muda ambao hakutaka kuuhesabu, Dedan alikuwa anasikia kila kilichokuwapo cha kusikia. Machozi yalimtoka. Akayalaumu mavumbi ya dukani, na Mursal, ambaye alipangusa duka lake mara mbili kwa siku, akakubali.

Baada ya dakika mbili Kawsar alikuja mwenyewe, muziki ukazimwa, na mapazia yakakombolewa. Mursal alimnakilia Dedan wimbo kwenye flashi na kumrudishia twita yake.

"Utaupeleka wapi?" akauliza.

"Kwa watu."

"Mzee wangu, watu gani?"

*

Jumapili Dedan aliweka kitufe cha trebo, kile cha sauti nyembamba alichokuwa akikipandisha miezi yote, katikati kabisa, akikipima kwa macho, maana katikati ni mahali pasipo na aibu kwa mtu asiyejua. Hakuna aliyeziba masikio. Elsie, aliyesimama karibu na meza ya chapati, alimwinulia kidole gumba.

Lakini kuunganisha nyimbo ni kazi nyingine. DJ husikiliza wimbo unaokuja kwenye hedifoni huku ule wa sasa ukipiga ukumbini, na huzilinganisha kwa matoazi, kwa vile toazi ndilo linaloonyesha mara moja kwamba wimbo mmoja umetangulia mwingine. Dedan hakuwa na matoazi. Mashine yake ilikuwa kuukuu, isiyo na kioo cha kuchora mawimbi ya sauti, na zile taa ndogo za kuonyesha muziki unapita zilikuwa zimekufa, hizo kwa kweli. Alikisia. Saa tisa u nusu aliingiza wimbo mmoja wa vijana ukiwa nyuma kwa nusu hatua, wachezaji wakakanyagana. Sylvance akatoka ukutani na kiti chake, akakitua katikati, akaketi. Saa kumi kasorobo Dedan alirudia kosa lilelile kwa wimbo wa injili, na mama mmoja mwenye kofia kubwa ya rangi ya chungwa akaketi kando ya Sylvance na kumpa peremende.

Viwili.

Clare alisimama, akaja upande wa meza. Hiyo nayo ni desturi: vikifika viwili, anayefuata husogea. "Niaje, buda," alimsalimu, kama vijana wanavyomwita baba, kwa heshima zake zote. Hakuwa na furaha usoni. Alionekana kama mtu aliyetumwa kupokea funguo za nyumba ambayo mwenyewe hajatoka.

Dedan aliweka rumba. Rumba ilimsimamisha Sylvance, kwa kuwa Sylvance hawezi kukaa rumba ikipigwa hata akiwa anaandamana dhidi yake. Kiti chake kilibaki kitupu, na kilihesabika. Wimbo ulikuwa mrefu, na mwishoni kuna ile sehemu ambapo waimbaji huyaachia magita uwanja na mwendo unapanda. Dedan alijua ana dakika nne. Baada ya hapo angehitaji wimbo mwingine. Wimbo wowote aliokuwa nao angeuingiza kwa kukisia, na akikosea tena kuna kiti cha tatu, na Jumapili zake za miaka tisa, tisa zidisha hamsini na mbili, zinaishia hapo. Ulikuwapo mmoja tu ambao asingelazimika kuukisia. Akachomeka flashi.

"Unaweka nini?" Clare aliuliza.

Hakumwona midomo, kwa hiyo hakujibu.

Alizivua hedifoni, akaziacha shingoni. Akaweka kiganja cha kushoto juu ya ubao wa spika ya besi, ambako rumba ilikuwa inapiga, na akaibana hedifoni moja kwenye mfupa wa taya, ambako tekno ilikuwa inapiga. Midundo miwili ikakutana mahali fulani katikati ya mwili wake. Haikulingana. Mmoja ulikuwa unachechemea nyuma ya mwingine, kama watu wawili waliobeba kabati. Akasogeza kitufe cha mwendo, unywele mmoja. Bado. Unywele mwingine. Kisha kabati likanyooka, na hakujua tena mdundo upi uko kwenye kiganja na upi uko kwenye taya.

Akaanza kuupandisha. Kwanza bila besi yake, kivuli tu chini ya magita, kitu ambacho wachezaji walikisikia kwa magoti kabla hawajakisikia kwa masikio. Besi mbili haziwezi kukaa pamoja. Ni mafundi wawili kwenye ukingo mmoja wa bati, mmoja lazima aondoe kidole. Alingoja magita yamalize mzunguko wao, na kwenye pigo la kwanza la mzunguko mpya akageuza mikono yote miwili: besi ya rumba ikatoka, ya tekno ikaingia.

Paa la mabati liliitikia. Halikutikisika, lilivuma, lote kwa pamoja, na vumbi la miaka likashuka taratibu kutoka kwenye mbao likipita ndani ya jua la dirishani. Magita yakaendelea kucheka juu ya kitu kile cheusi kwa muda kidogo, kisha Dedan akayafifiza, na watu wa Huruma wakabaki peke yao na ule mdundo.

Wakasimama.

Watu mia mbili, na suti zao, wakasimama kama walivyokuwa. Hakuna aliyecheza, na hakuna aliyeenda ukutani. Dedan aliitazama safu ya viti. Sylvance, aliyekuwa katikati ya hatua ya rumba, alibaki na mguu mmoja mbele.

"Omera, ndugu yangu," alisema, na hilo Dedan alilisoma wazi, "hii ni nini?"

Kisha mguu ule ukashuka kwenye mdundo. Labda haukuwa na mahali pengine pa kushukia. Ukapanda, ukashuka tena. Mama wa kofia ya chungwa akainuka kwenye kiti chake ili aone vizuri, na alipoinuka akagundua kwamba tayari anakanyaga. Akina mama wa kanisa, ambao wamepiga miguu chini kwa ngoma na kayamba maisha yao yote, waliutambua mdundo huo upesi kuliko vijana. Walijipanga safu bila kuambiwa na kuanza kukanyaga, nyuso zikiwa tulivu kabisa, kama watu wanaoshindilia udongo wa nyumba mpya. Vijana wakajiunga nyuma. Sakafu ya saruji ikawa inapigwa na miguu mia nne kwa pamoja, na lile jambo la nyundo halikuharibika, na Dedan alisimama nyuma ya meza yake na mdomo wazi. Alikuwa amezoea kuwachezesha watu. Hakuwahi kuona watu wakifanywa kitu kimoja.

Halafu muziki ukakatika.

Mdundo ulitoweka katikati ya hatua. Kiganja chake juu ya spika hakikupata kitu. Taya, hakuna. Kwa Mursal alikuwa amesikia dakika mbili tu za mwanzo, na hii ilikuwa ya nne. Hakujua kilichoko huko mbele, na kilichokuwako, kwa kadiri alivyoweza kuhisi, ni kifo cha mashine. Stima? Feni ilikuwa inazunguka. Flashi? Mkono wake ukaenda kwenye kitufe cha wimbo mwingine, wowote, na kidole kilikuwa kimekigusa Clare alipomshika kifundo cha mkono kwa mikono yote miwili.

Akamtazama usoni.

"Wacha, buda! Wacha! Bado iko!"

"Iko wapi?"

Clare hakuelewa swali. Alielekeza kidevu ukumbini. "Si hiyo!"

Dedan akatazama. Watu walikuwa wameinua nyuso, wote, kuelekea kwenye mbao za paa. Sylvance alikuwa amefumba macho. Mtoto mmoja begani kwa babake alikuwa amenyoosha mkono juu, vidole wazi, akijaribu kushika kitu kinachopita. Kitu kilikuwa mle ukumbini. Kilikuwa chembamba na kilikuwa kinapanda, aliweza kuona kinapanda, kwa jinsi mabega yao yalivyokuwa yanainuka nacho. Na kilikuwa kinatoka kwenye spika zake, kwa mkono wake, na yeye peke yake ndiye hakualikwa. Dakika nzima. Aliwatazama watu mia mbili wakisikia. Hakujua kwamba kusikia ni kitu cha kutazamwa, kwamba kinakaa usoni kama mwanga. Ilimpasa asiguse chochote, na hakugusa.

Mdundo uliporudi uliwakuta wote hewani. Kilichofuata wakazi wa jengo la jirani wanakieleza kila mmoja kwa namna yake. Sylvance alipoteza kiatu.

*

Saa kumi na mbili Elsie alikuja mezani akipunga leso.

"Viti ni viwili, Baba Shiru. Na kimoja nimeambiwa mwenyewe alikikanyaga kikavunjika. Sheria ni sheria. Jumapili ni zako."

Clare alianza kuzungusha waya wa hedifoni zake. Dedan angeweza kunyamaza hapo. Kwa hesabu ya viti alikuwa ameshinda.

"Mama, mimi sisikii."

"Nimesema Jumapili ni—"

"Hilo nimelisikia. Sisikii vya juu. Matoazi. Maneno ya watu wakigeuka. Leo msichana huyu asingenishika mkono ningewazimia muziki mkiwa katikati. Nilidhani umekufa."

Elsie alishusha leso. "Tangu lini?"

"Mwezi wa pili." Akafikiri. "Lakini sikusema wa mwaka gani."

"Na miezi hii yote ukitutoboa masikio!"

"Nilikuwa natafuta matoazi."

"Mimi nilidhani ni kiburi," alisema Elsie. Akageuka kwa Clare, akamgeukia tena Dedan, na kwa kuwa alikuwa mwenyekiti wa kamati kwa kipaji, si kwa kura tu, hakungoja kikao. "Clare anakaa hapo mezani, upande wa trebo, na wewe hukigusi hicho kitufe. Wewe kaa na besi yako. Jumapili zinakuwa zenu wawili. Na Jumatatu unaenda kliniki, nitamwambia Mama Shiru akupeleke, maana wewe utasema hukusikia."

Dedan alisema sawa. Ilikuwa nusu ya meza. Mchana alikuwa ameogopa kuikosa yote, na tangu mwezi wa pili, wa mwaka wowote ule, alikuwa ameishika yote kwa uongo. Nusu ilikuwa nyepesi kubeba.

Elsie alikwenda kusimamia viti. Clare akavuta stuli, akaketi upande wake mpya, akakigusa kile kitufe kwa ncha ya kidole.

"Ile dakika," alisema Dedan, akimkabili. "Ilikuwa inasema nini?"

"Aa, buda, nitakwambiaje sasa?" Alifikiri. "Haikuwa inasema. Ilikuwa inaenda tu juu. Ni kama..." Akajaribu kwa mikono, akaona haitoshi. Akauma meno na kupuliza katikati yake, taratibu, kidevu kikipanda kidogo kidogo.

Dedan aliona meno. Aliona mishipa ya shingo ikitokeza na nyusi zikiinuka.

"Tena," alisema, na akasogeza kiti karibu.